Nguo ya Kubana Niliyovaa Kwenye Kilio cha Tantine Julienne

Kule Kasungami kuna wanawake ambao mpaka leo wakiniona napita na beseni langu la samaki wanajishika mbavu kwa mikono miwili, wanavuta pumzi ndefu, wanaifungia ndani, halafu wanaiachia kidogo kidogo, "hiiiii", kama birika la chai, na wanaangukiana kwa kucheka. Siwakasirikii. Aibu niliyoipata siku ya kumzika tantine yangu, yaani shangazi yangu, niliipika mwenyewe na nikaipakua mwenyewe, na nikiisimulia leo ni kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiisimulia na kuongeza vyao (kuna mmoja anasema palikuwa na nguruwe mzima, hapakuwa na nguruwe mzima, palikuwa na vipande sita).

Nianze na tumbo, maana yote yalitoka hapo.

Mimi ni mjane, ninauza samaki wakavu wa Pweto pale sokoni Naviundu, Lubumbashi, nimesoma mpaka darasa la sita tu, na sijawahi kuwa mtu wa kujipamba. Tumbo nilikuwa nalo, ndiyo, na mapaja pia, lakini lilikuwa tumbo la kawaida la mama aliyezaa watano na anayefanya kazi amekaa, na halikuwa limemkosea mtu. Aliyekuwa na shida na tumbo lake ni rafiki yangu Mama Kavugho, mtu wa Butembo, mwenye depo ya sabuni na maziwa ya unga. Huyu alikuwa amelipia kila kitu kwenye kliniki moja ya mjini, mahali wanapoingiza mrija chini ya ngozi na kuvuta mafuta ya mwili kama dereva anavyovuta mazutu kwenye tangi la lori. Halafu vita ikachukua miji ya kwao mashariki, barabara zikafungwa, benki zikafungwa, malori yake mawili yakabaki huko na sabuni yote, na nyumbani kwake zikaingia familia tatu za ndugu waliokimbia, wamebeba watoto na masufuria. Kwa mwezi mmoja Mama Kavugho alikonda kuliko ambavyo mrija wowote ungemkondesha. Akaenda kliniki kuomba wamrudishie alicholipa, wakamwonyesha maandishi madogo madogo chini ya karatasi.

Hapo ndipo alipokuja kwenye meza yangu, akakaa juu ya gunia la samaki, akasema:

"Mama Astrida, kuliko pesa yangu ipotee bure, afazali tumbo yako ipotee."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Minaongea na weye kweli. Banasema naweza kutuma muntu mwingine pa fwasi yangu, mahali pangu. Mie sina tena tumbo ya kupeleka. Weye uko nayo."

Mtu mwenye akili angesema hapana, na mimi nilimwambia nitafikiri, lakini niseme ukweli: jioni ile nilisimama mbele ya kioo cha kabati, nikajigeuza upande, na nikakubali kabla sijamaliza kugeuka. Kosa halikuwa hilo. Kosa, lile dogo lililozaa mengine yote, ni kwamba niliona haya kusema. Katika mwaka ule ambao watu walikuwa wanagawana kikombe kimoja cha unga kati ya nyumba mbili, nitamwambiaje jirani kwamba nimekwenda kuvutwa mafuta? Nikawaambia wote kwamba naenda Pweto kufuata samaki, nikapanda teksi na mfuko wangu, nikashuka mjini dakika ishirini kutoka nyumbani.

Ya operesheni sina mengi ya kusema, nililala. Nilipoamka nilikuwa nimevalishwa gaine, yaani nguo ya kubana, ngumu kama mpira wa gari, inaanzia chini ya matiti mpaka juu ya magoti, na upande mmoja ina vishikizo vya chuma kama thelathini hivi. Wakaniambia niivae wiki sita, mchana na usiku, niitoe wakati wa kuoga tu, la sivyo ngozi itakaa vibaya. Halafu akaja dada mmoja mwembamba, mwenye miwani, ndiye anayeshughulika na chakula cha wagonjwa, ameshika majibu ya damu yangu.

"Mama, mafuta ya tumbo tumetosha, tumeyaondoa. Lakini kolesteroli ya mu damu iko palepale. Tena iko juu."

"Iko juu namna gani, na mumetosha machupa tatu?" (Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, zilifanana na supu iliyolala.)

Akavuta kiti. "Weye unafanya biashara, sivyo? Basi sikia. Mafuta ya tumbo ni magunia ya mu depo. Magunia tumetosha. Kolesteroli njo ile yenye inatembea mu barabara, mu mishipa. Depo inaweza kubakia wazi, na barabara ikafungwa."

Hapo nilielewa vizuri, maana mwaka ule hakuna mtu Lubumbashi aliyehitaji kufundishwa maana ya barabara kufungwa. Lakini tumbo halina masikio, kwa hiyo nikauliza tena, ili niwe na hakika: "Donc, basi, ngozi ya kuku, hapana?"

"Hapana, mama."

"Hata sasa, penye niko na nafasi?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniandikia karatasi. Nguruwe mwenye mafuta niache, ngozi ya kuku niache, mafuta ya ngazi, yaani mawese, kijiko kimoja tu ndani ya sufuria wala si kikombe, maharagi na lengalenga, mchicha wetu, na samaki wa kuchemsha nile bila woga, samaki wa chumvi nipunguze (nilimwangalia kwa uchungu, ni kazi yangu), nitembee kila siku, na gaine wiki sita. Juu kabisa akaandika jina langu lote na operesheni niliyofanyiwa, ili daktari mwingine akiisoma aelewe. Nikaikunja nikaiweka ndani ya mfuko wangu wa mkononi, na humo ikabaki.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, Tantine Julienne akafa.

Hapa naomba mniache niseme kidogo bila mchezo. Tantine alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno, na tantine ndiye aliyenichukua, akanibeba mgongoni kutoka kaskazini kwenye treni ya mume wake aliyekuwa mtu wa reli, akanilea Lubumbashi kama mtoto wa tumbo lake. Alinifundisha kusoma majina ya vituo vya treni kabla sijajua kusoma kitu kingine. Uzeeni alihamia Kasungami, akalima mahindi yake, na moyo wake ukasimama akiwa anatwanga. Nilipopata simu nilikaa chini ya meza yangu ya samaki, si juu, chini, na sikutoka mpaka jirani aliponivuta.

Na mimi tangu zamani si mtu wa kulia kwa kelele. Hata mume wangu nilimlia kama mtu mwenye mafua, na upande wa kwao walisema mengi. Kwa tantine nilijua lazima sauti itoke, kwa sababu kwetu mtu anayekaa kilioni macho makavu, tena akiwa mtoto wa nyumba, watu wanaanza kujiuliza ni nani aliyemuua marehemu.

Basi nikafika Kasungami. Gaine ndani, juu yake sketi ya ndani, juu yake pagne mbili za kitenge, libaya pana ya juu kama blauzi, na mfuko mkononi. Desturi ni kwamba ukifika kwenye lango unajitupa chini, unabiringika, unalia, na wenzako wanakuinua. Nikajitupa. Lakini mtu aliyebanwa kuanzia kifuani mpaka magotini hakunjiki, kwa hiyo nilianguka kama ubao, mzima mzima, mikono ubavuni, na nikabaki hivyo hivyo nimeangalia mbingu. Nikafungua mdomo nilie. Kulia kwa kilio kunataka pumzi itoke chini kabisa ya tumbo, na chini kabisa ya tumbo langu kulikuwa na mlango wenye vishikizo thelathini. Kilichotoka ni "hiiiii".

Wanawake wakaniinua, wanne, kama wanavyosimamisha ngazi.

"Huyu analia ao anapiga mluzi?" nikasikia mmoja akiuliza nyuma yangu.

"Acha, njo bile analia. Hata bwana yake alimulia bile," mwingine akajibu, yaani ndivyo ninavyolia.

Ndani, viti vyote vilikuwa vimetolewa, mikeka imetandikwa, na watoto wa nyumba tulipaswa kukaa chini karibu na ukuta. Wenzangu walikaa. Mimi niliegemezwa.

Halafu chakula. Wakwe wa familia walikuwa wamejikaza (sijui walivitoa wapi, mwaka ule), wakaleta bukari, ugali wetu, mlima mzima, na nguruwe anayeogelea ndani ya mafuta yake, na kuku wa kukaanga, na sombe, kisamvu, ambayo mafuta ya ngazi yalikuwa yamesimama juu yake mekundu, unajiona uso. Watoto wa marehemu tunakula kwenye sahani moja, mkono wa huyu unagusana na mkono wa yule, na anayekataa kuingiza mkono anasema bila maneno kwamba ana jambo na marehemu. Nikaingiza mkono. Nikachukua kipande cha nguruwe. Nikakumbuka barabara na magunia, nikaona kama mshipa wa moyo wangu umefungwa na lori la mafuta limelala katikati, nikapeleka mkono mdomoni, nikatafuna hewa, na mkono ukashuka pole pole mpaka ndani ya mfuko wangu, ambao asubuhi ile nilikuwa nimeutandika plastiki (nilipanga mapema, sina la kujitetea).

Ningeweza kusema tu. Sentensi moja. Lakini ningesema nini, kwamba mwaka wa njaa nilikwenda kutolewa unene? Basi siku mbili nzima nilikula maharagi kwa siri nyuma ya jiko, na kwenye sahani nikatafuna hewa, na mfuko ukazidi kuwa mzito, na kwa kuwa ni msimu wa joto, ukaanza pia kujisemea wenyewe. Mbwa wa tantine, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kunijali, alianza kunifuata kila mahali. Wakati wa rozari alikaa mbele yangu ameangalia mfuko bila kupepesa macho, na mama mmoja akasema kwa huruma, "Mwangalieni, hata imbwa inajua huyu njo aliyempenda bibi, nkambo wetu, zaidi."

Wengine hawakuwa na huruma hiyo. Alhamisi asubuhi, siku ya kuzika, Baba Donatien alinivuta pembeni ya shamba la mahindi. Baba Donatien ni mdogo wa baba yangu na wa tantine, mstaafu wa reli, mzee wa kanisa, mtu anayenyoosha tai hata akienda chooni.

"Astrida, mutoto yangu. Bantu banasema. Haulie. Haukunje magoti. Na kuna mama moja anaapa kama alihesabia mukono yako inaenda mu kinywa na kinywa haimeze kitu. Banasema muntu wa bile asiende ku makaburi, asitupe udongo. Niambie, niwaambie nini?"

Kutotupa udongo kwenye kaburi la tantine! Hilo tu ndilo nililolitaka, kusimama pale na kumtupia udongo wake kwa mkono wangu kama mtoto wake. Na palepale, mbele ya mzee anayenipa nafasi ya kusema ukweli, mdomo wangu ukasema:

"Baba, niko nafunga. Nilitoa ahadi ku Mama Maria, kwa roho ya tantine. Sikutaka bantu bajue."

Yule mzee akatokwa na machozi. Akanishika kichwa. Na badala ya kunyamaza kama nilivyotaka, akaenda moja kwa moja katikati ya uwanja, chini ya hema, ambapo jeneza lilikuwa limewekwa tayari na watu wamejaa mpaka barabarani, akapiga makofi, akatangaza:

"Bandugu! Mulikuwa munasema. Basi mujue! Huyu mutoto hajakula tangu siku ya mbili, Jumanne, anafunga juu ya dada yangu! Mie mwenyewe nilikula, na nyinyi mulikula. Yeye hapana!"

Manung'uniko yakageuka kuwa "aaah". Waliokuwa wananikwepa wakaja kunishika mikono. Mama aliyenihesabia matonge akapiga magoti. Na akina mama wa kanisa wakasema basi ni haki mtu mtakatifu kama huyo aongoze litania kabla jeneza halijatoka. Nikawekwa mbele, karibu na kichwa cha tantine, na mbwa akaja akakaa miguuni pangu. Nikataja majina ya watakatifu kwa sauti ya birika, wanaitikia "utuombee", na ndani ya moyo nilikuwa namwomba kila mmoja wao anifanye nisionekane.

Sasa kuna desturi moja ya kwetu, ya watu wa kaskazini mwa Katanga. Akifa mzee, siku ya kumzika wajukuu wana ruhusa ya kufanya ujinga wote. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake, wanakalia jeneza wakisema haliendi popote, wananyang'anya vitu vya watu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, wala kitu walichonyang'anya hakirudi. Na anayesifiwa zaidi siku hiyo ndiye wanayemwinda. Mjukuu wa kwanza wa tantine ni Sifa, mama mzima wa miaka arobaini na kitu, mnene, anayeuza mkaa, mwenye sauti ya kuita lori likiwa limeshapita. Akatoka ndani ya nyumba amevaa miwani ya tantine na aproni yake, anatembea ameinama, mkono kiunoni, kama tantine kabisa. Watu wakacheka na kulia pamoja. Akazunguka jeneza, akafika mbele yangu, akasimama, akanusa.

"Eh! Huyu mutakatifu wenu anafunga," akasema kwa sauti ya tantine, "lakini mufuko yake inakula!"

Nikaukumbatia mfuko. Kosa. Mjukuu akiona umekumbatia kitu ndiyo kwanza anakitaka. Akavuta, nikavuta, mbwa naye akavuta, na mfuko ukapasuka chini, mbele ya jeneza, mbele ya padri aliyekuwa anafika wakati huohuo.

Vikaanguka vipande sita vya nguruwe. Vikaanguka miguu mitatu ya kuku. Likaanguka donge la bukari lenye sombe ndani, kubwa kama ngumi, likabiringika mpaka kwenye kiatu cha Baba Donatien, likasimama hapo. Mbwa peke yake ndiye aliyejua la kufanya.

Na juu ya vyote, polepole, ikashuka karatasi.

Sifa akaiokota. Akainyoosha miwani ya tantine puani. Nikataka kusema "hapana", ikatoka "hiii". Akasoma, na sauti yake mnaijua:

"Mama Astrida! Aliyetolewa mafuta ya tumbo na ya mapaja!"

Akashuka mstari wa pili.

"Kolesteroli, iko juu sana! Nguruwe yenye mafuta, aache!"

Na pale nyuma, bibi mmoja ambaye alikuwa amesinzia tangu litania, aliposikia sauti imepanda na imeshuka, akaitikia kwa moyo wote: "Utuombee."

"Ngozi ya kuku, aache!"

"Utuombee," wakaitikia sasa watu kama ishirini, kwa mazoea tu, midomo ilikuwa bado na moto.

"Mafuta ya ngazi, kijiko kimoja!"

"Utuombee!"

"Lengalenga na maharagi!"

"Utuombee!" Hapo wajukuu wote walikuwa wameshaingia, wanaitikia wamepiga magoti, na hema lote lilikuwa linatikisika, na padri alikuwa amejifunika uso kwa kitabu chake, na sijui alikuwa anafanya nini huko nyuma ya kitabu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Baba Donatien alikitoa kiatu chake kwenye bukari, akanisogelea.

"Ulisimama mbele ya mwili ya dada yangu," akasema polepole, "ukanidanganya, nikawadanganya bantu bote. Kama ni kufunga, funga. Kama ni mafuta, sema mafuta. Lakini uwongo, hapa?" Akaonyesha jeneza. "Motokari ya makaburi hauingie. Utabakia na imbwa."

Kicheko kikakatika. Alikuwa na haki. Nilitaka kumwambia kwamba ana haki, nilitaka kumwambia anipige lakini asiniache, na maneno yote pamoja na kilio cha siku tatu vikapanda kwa wakati mmoja, vikakuta hakuna njia. Nikaanza kuona nyota. Nasikia nilikuwa na rangi ya majivu. Sifa akatupa karatasi, akaacha sauti ya tantine, akapiga yake mwenyewe:

"Anakufa! Huyu anakufa na yeye! Kuna kitu kinamufunga!"

Akainua libaya yangu, mbele ya parokia nzima, akaiona gaine, akaingiza vidole vyake vya mkaa pale kwenye vishikizo, akavuta. Kishikizo kimoja kiliruka. Kikaruka cha pili. Halafu vyote vilivyobaki vikaachia pamoja, kwa mlio kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria, kimoja kikapiga ngoma ya kwaya, na ngoma ikajibu.

Na hewa ikaingia. Sikumbuki katika maisha yangu nimewahi kuvuta hewa nyingi namna ile. Iliingia mpaka chini kabisa, ikakuta tantine huko, ikatoka naye.

Walioko Naviundu hawakusikia, huo ni uongo wa Sifa. Lakini Kasungami yote walisikia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, nikaangukia jeneza, safari hii nimekunjika vizuri, na kama inavyotakiwa kilioni nikaanza kumwambia marehemu mambo yangu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafunguka sikuweza tena kuchagua:

"Tantine ee! Nilienda mjini, bakanivuta mafuta! Tantine ee! Nilisema niko Pweto, na nilikuwa hapa hapa! Tantine ee, nyama ya kilio yako nimeweka mu mufuko! Ulinileta huku mu treni ku mugongo, nani sasa atanibeba? Tantine ee, sikufunga, nilikuwa nakula maharagi nyuma ya jiko! Tantine, niko na haya, tantine ee!"

Wanawake wakajitupa chini pamoja nami. Kuna waliokuwa wanalia, kuna waliokuwa wanacheka, na wengi walikuwa wanafanya yote mawili na hawajui kipi kimetangulia. Baba Donatien aligeuka, akatupa mgongo, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Mpaka leo familia inabishana kama alikuwa anacheka au analia. Alipogeuka tena tai yake ilikuwa imepinda, na sijawahi kuiona imepinda kabla ya siku ile wala baada yake.

"Ingia mu motokari," akasema. "Kaa na mie mbele. Na fungula dirisha, unanuka nguruwe."

Nikamzika tantine yangu. Nilitupa udongo kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeshika pagne (bila ile nguo ya kubana kila kitu nilichovaa kilikuwa kimekuwa kikubwa na kilitaka kubaki makaburini). Lakini niliutupa, na ulisikika ukifika.

Yaliyofuata ni madogo. Gaine aliyonivua Sifa haikurudi, wajukuu hawarudishi kitu, na wiki iliyofuata Sifa alinipigia simu kuuliza inavaliwa kabla ya kula au baada. Kwenye kliniki yule dada wa miwani alinigombeza nusu saa, akanipa nyingine, lakini upande wa kushoto wa tumbo langu umekaa tofauti kidogo na wa kulia na nadhani utabaki hivyo. Kolesteroli imeshuka kidogo, si sana, anasema niendelee na lengalenga na kutembea, na mimi naendelea, nachukia, naendelea. Ile karatasi imenakiliwa Kasungami mara nyingi, na kuna mama wawili walioipeleka kwa daktari kupimisha damu zao, mmoja akakuta yake iko juu kuliko yangu na bado anajivunia. Mama Kavugho nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini, na alikuwa hajacheka tangu malori.

Nimeapa kwamba sitaingia tena kwenye kilio nikiwa nimebanwa na kitu, kiwe nguo au kiwe neno. Mwezi uliopita tulikuwa na msiba hapa Naviundu, nikajitupa langoni na gauni pana, nikalia nilichokuwa nacho, na sahani ilipofika nikasema kwa sauti mbele ya wote: "Bamama, mie nilitolewa mafuta na kolesteroli yangu iko juu, nguruwe docteur alinikataza, munisogezee maharagi." Nikangoja mbingu ianguke. Mama mzee nisiyemjua, aliyekaa kulia kwangu, akaunyoosha mkono juu ya mkono wangu, akachukua kile kipande kilichokuwa upande wangu, akakila.

"Aksanti, mama," akasema, na kazi ya kutafuna ikaendelea.

Basi, ndivyo tu. Siku tatu nilibeba nguruwe anayeoza mkononi, mbele ya maiti ya mtu niliyempenda kuliko wote, ili nisiseme maneno ambayo yule mama hakuyainulia hata kichwa.